Rambirambi Mbele ya Jaji

Kazi yangu ni kusema maneno ya watu wengine. Ninaishi Irving, karibu sana na uwanja wa ndege, na mahakama yoyote ikiniita, iwe ya Dallas, ya Fort Worth au hata ya Houston, ninawasha gari na kwenda. Wakalimani wa Kiswahili waliofaulu mtihani wa korti ni wachache huku, ilhali wanaokizungumza Kiswahili ni wengi, na wao pia wanagongana magari, wanaachana na kupelekana kortini kama binadamu wengine wote.

Kabla ya hapo, nyumbani Kenya, nilikuwa karani wa mahakama. Nilikaa mbele ya meza ya hakimu nikisoma mashtaka, nikifasiri, nikiwanyamazisha ndugu za washtakiwa waliokuwa wakilia kwenye benchi la nyuma. Katika mafunzo ya ukarani tulifundishwa misingi ya sheria ya Kiingereza na mwalimu mmoja mkali, aliyeipenda historia kuliko sheria yenyewe. Alitueleza ilikotoka desturi ya kumhesabu mtu kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe, na kwa nini hukumu ya jana humfunga jaji wa leo. Nilipofika Texas nilitarajia kukuta sheria ngeni kabisa. Nikakuta shati lilelile la Mwingereza, limeongezwa mifuko tu.

Jaji wa sheria hii hatafuti ukweli. Nalisema hili waziwazi ingawa watu hunikasirikia nikilisema. Anakaa juu pale kama refa, anaangalia kila upande ulete mashahidi wake na usicheze rafu, na mwenye kudai ndiye mwenye kuthibitisha. Ndugu zetu Wakongo hawakulelewa hivyo. Sheria yao ililetwa na Wabelgiji, na kwao jaji hufungua faili mwenyewe na kuuliza maswali mwenyewe. Nimewaona wakifika mahakamani hapa wamevaa suti ya kanisani, wanamngoja jaji awaulize kilichotokea, na jaji hawaulizi kitu. Sioni la kucheka hapo. Sisi Wakenya tunajiona wajanja kwa sababu tu tulitawaliwa na Mwingereza.

Kesi ninayotaka kuieleza ilikuwa ya Houston. Mshtakiwa alikuwa baba mmoja wa Kivu, mashariki mwa Kongo, anayeishi mtaa wa Alief na mkewe na watoto wanne. Anafanya kazi katika ghala la mizigo, na kanisani kwao ni shemasi. Alikuja Marekani kutoka kambi ya wakimbizi, akapewa ukaazi, lakini uraia bado. Yeye mwenyewe ameniruhusu kuandika haya mradi nisimtaje jina, nami simtaji mtu yeyote.

Asubuhi moja, akitoka kazini, aligongana na pikapu kwenye makutano ya barabara. Dereva wa pikapu, mzee wa Kimarekani, alifia hospitalini siku hiyohiyo. Baba aliwaambia polisi kwamba taa yake ilikuwa ya kijani. Mtu mmoja aliyekuwa akitia mafuta kituoni ng'ambo ya barabara alisema anadhani aliona nyekundu. Kamera ya kuonyesha lolote haikuwapo. Labda mambo yangeishia kwa polisi na watu wa bima, kama si alichokifanya baba baada ya mazishi.

Aliwachukua wazee wawili wa kanisa na akina mama watatu. Walipika wali, kuku na sombe, yaani kisamvu, wakaingia garini na vyungu vyao mapajani, wakaenda nyumbani kwa mjane. Mjane, mama mwenye mvi aliyebaki na mwanawe tu, aliwafungulia mlango. Wageni wakaingia, viti vilikuwepo, lakini wao wakakaa sakafuni, kama watu wakaavyo msibani kwao. Hapo baba, kwa Kiingereza alichokiokota kazini, akamwambia yule mama kwamba yeye ndiye aliyemuua mume wake, na kwamba anaomba asamehewe. Mwana wa mjane, ambaye hakuelewa kwa nini watu sita asiowajua wamekaa chini sebuleni kwao, alirekodi yote kwa simu. Baadaye rekodi hiyo ikafika polisi, ikapanda kwa mwendesha mashtaka, na baba akashtakiwa kwa kusababisha kifo kwa uzembe.

Nilipoisikia rekodi ile mara ya kwanza, ofisini kwa wakili wake, nilikasirika. Sijui hasa nilimkasirikia nani. Nilimkasirikia baba kwa kusema. Nilimkasirikia kijana kwa kurekodi, ingawa mimi ningekuwa yeye pengine ningefanya vilevile. Zaidi nilikasirika kwa sababu niliielewa sauti ile. Nimehudhuria misiba ya kutosha kujua kwamba mtu anaposema vile hatoi ushahidi.

Sheria yetu ina kanuni kwamba maneno ya kuambiwa si ushahidi. Huwezi kusimama kortini ukasema jirani alikwambia hivi na vile; mlete jirani mwenyewe. Lakini maneno yaliyotoka kinywani mwa mshtakiwa yanaingia bila kubisha hodi. Kesi ilipokaribia kusikilizwa, wakili, binti wa Kimarekani aliyeteuliwa na mahakama, alipinga kwa nguvu zake zote rekodi isisikilizwe. Jaji alimsikiliza kwa adabu, akasema itasikilizwa, na uzito wake watauamua raia wa juri.

Lakini kabla ya hayo yote, kabla ya siku ya kusomewa mashtaka, tulikutana tena, baba, mkewe, binti yao mkubwa, wakili na mimi. Wakili alieleza polepole, nami nikafasiri. Mashtaka yatasomwa. Baba ataulizwa kama ana hatia au hana. Ajibu kwamba hana. Akijibu kwamba anayo, hakuna kesi tena, kinachobaki ni adhabu, nayo inaweza kuwa jela. Na baada ya jela watu wa uhamiaji wanaweza kumnyang'anya ukaazi na kumrudisha Kongo. Kule wanakotoka vita havijaisha, na nyumba yao ya zamani inakaliwa na watu wenye bunduki.

Baba akasema, akinitazama mimi badala ya wakili, "Mama, siwezi kusema vile mbele ya ule mama. Nilishaenda kwake, nikaikala chini, nikasema ni miye. Nikisema leo sina kosa, atasikia namna gani? Atasema nilikuyaka kwake kumudanganya."

Nikafasiri. Wakili akasema kwamba kukana mashtaka si kufuta masikitiko. Ni kuiambia Serikali, haya, thibitisheni. Nikafasiri hilo pia, neno kwa neno, na nikaona halimgusi.

"Kwetu mutu akikufa mu mikono yako," alisema, "hata kama haukutaka, hata kama ni yeye alikuwa na makosa, unaendaka kwabo. Unawaambia ni miye. Mambo ya taa, mambo ya barabara, ile tunaongeaka nyuma, wakisha kulia. Sasa hata hawajamaliza kulia, miye niseme sina kosa?"

Wakili akamwambia basi asiseme lolote, yeye atamjibia. Baba akakataa. Alisema mdomo unaomtetea ni mdomo wake, na mjane hatajua tofauti. Binti yake, ambaye alizaliwa kambini na kukulia Alief, na ambaye baba akimwongelesha Kiswahili hujibu kwa Kiingereza, alipiga meza kwa kiganja. "Dad, it's just words," alisema. "Say it and come home." Ni maneno tu, ayaseme arudi nyumbani. Baba alimwangalia kwa upole tu, wala hakumgombeza.

Ndipo aliponigeukia tena. "Mama, weye ulitumikaka mu tiribinali za kwenu. Unajua hizi mambo. Nifanye nini?"

Kiapo cha mkalimani ni kifupi na kigumu. Huongezi, hupunguzi, hushauri. Ukiulizwa swali wewe binafsi, unaligeuza kama lilivyo na kumpa wakili, na ndivyo nilivyofanya. Nilisema kwa Kiingereza, "Mama, wewe ulifanya kazi katika mahakama za kwenu, nifanye nini?" na wakili akajibu yaleyale aliyokwisha kujibu. Lakini kichwani mwangu nilikuwa na jibu langu. Niliwahi kuona kule Kenya washtakiwa waliosimama mbele ya hakimu wakagoma kufungua kinywa, na nilijua hakimu aliandika nini. Jibu lilinifika kwenye meno. Niliuma ulimi, nikaaga, nikaenda kukaa garini kwenye maegesho, na nakiri nililia kwa hasira. Njia nzima ya kurudi Irving nilimsema yule wakili moyoni kwa kutomwelewa mteja wake, nikijua fika kwamba sikuwa nikimtendea haki.

Siku ya mashtaka baba alikuja na mkewe na binti yao. Mjane alikuwapo, benchi la pili, mwanawe ubavuni. Nilimwona baba alivyomwona. Aliinamisha kichwa kumsalimia, kama mtu anavyosalimia matangani, na yule mama, nadhani bila kufikiri, akainamisha chake.

Alipoitwa tulisimama pamoja, wakili upande mmoja, mimi upande mwingine nikimnong'onezea. Mashtaka yalisomwa. Jaji akauliza kama ana hatia au hana. Nikafasiri. Wakili alivuta pumzi ili amjibie, baba akaushika mkono wake kumzuia. Alifungua kinywa. Kisha akageuka, akamtazama mjane, akamtazama binti yake, akarudisha macho kwa jaji, na kinywa kikafungwa.

Jaji akauliza tena. Nikafasiri tena, neno kwa neno, kwa sauti ileile. Baba alikuwa akitokwa na jasho nyuma ya masikio. Nilimjua vya kutosha kufikia hapo kuona kwamba hakuwa akifanya ujanja wowote. Jibu moja lilikuwa linawatupa watoto wake, jingine lilikuwa linamtemea mate mfiwa, na yeye hakuwa na la tatu.

Wakati ule wa kimya nilimkumbuka yule mwalimu wetu wa ukarani, mpenda historia. Alitusimulia kwamba zamani kule Uingereza mshtakiwa aliyekataa kujibu alilazwa chali akapangiwa mawe kifuani, moja baada ya jingine, mpaka ajibu au afe. Na wako waliokufa. Korti haikujua la kufanya na mtu asiyesema ndiyo wala hapana. Ilichukua vizazi vingi kabla ya Waingereza kuona aibu na kuandika kanuni nyingine. Tulipokuwa vijana tulicheka hadithi ile. Siku hiyo, nimesimama pale Houston na ulimi wangu umefungwa kwa kiapo, niliomba Mungu jaji huyu aikumbuke kanuni iliyofuata mawe.

Jaji aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake. Alimtazama baba kwa muda, bila ukali. Kisha akasema kwamba kwa kuwa mshtakiwa amenyamaza, mahakama inaandika kwa niaba yake kwamba amekana mashtaka, na kesi itaendelea.

Wakili alishusha pumzi. Baba akaniuliza kwa kunong'ona jaji amesema nini, nikamfasiria. Akafikiri. "Lakini miye sijasema kitu," alisema. Nikalipeleka hilo kwa wakili kwa Kiingereza. Wakili akamwangalia machoni, na kwa mara ya kwanza nikaona wameelewana. "Ndiyo," alijibu. "Wewe hujasema kitu. Imesema korti." Nilifasiri maneno hayo kwa furaha ambayo mkalimani hatakiwi kuionyesha.

Kesi yenyewe ilikuja miezi mingi baadaye. Kule kwetu sikuwahi kuliona juri likifanya kazi, na hata sasa nikiliona hunishangaza. Watu kumi na wawili waliochukuliwa makazini na majumbani mwao, wasiojua sheria, wakakabidhiwa maisha ya mtu wasiyemjua. Walikuwamo mwanamke aliyevaa sare ya hospitali na mzee aliyekuwa akisinzia baada ya chakula cha mchana, na yule mzee alinikera kweli.

Shahidi wa kituo cha mafuta alisema tena kwamba anadhani taa ilikuwa nyekundu, na alipobanwa na wakili akakubali kwamba aligeuka baada ya kusikia kishindo. Rekodi ikachezwa. Sauti ya baba ilijaa chumba kizima ikisema ni yeye aliyeua, na nikaona mwanamke wa sare ya hospitali anaweka kalamu chini. Upande wa utetezi ukamleta mzee mmoja wa kanisa, mmoja wa wale waliokaa sakafuni. Mwendesha mashtaka alimuuliza, kwa kejeli kidogo, kama ni kweli kwamba kwao mtu husema ameua hali hakuua.

"Kwetu maiti inaliliwaka kwanza," mzee alijibu. "Kutafuta makosa, ile kazi haikimbiake."

Kabla ya mzee huyo alikuwa amesimama mjane. Alikuwa shahidi wa Serikali, na alithibitisha kwamba maneno yaliyo kwenye rekodi ndiyo aliyoyasikia. Wakili wa baba alisimama kumhoji na nikaingiwa na hofu, maana wakili kijana anaweza kumhoji mfiwa vibaya akaharibu kila kitu. Aliuliza swali moja tu: siku ile nyumbani, mtu huyu alisema lolote kuhusu taa za barabarani? Mjane alisema hapana. "Alizungumza juu ya mume wangu," alisema. "Aliniuliza alikuwa mtu wa namna gani."

Juri lilikaa ndani alasiri nzima. Tuliitwa jua likiwa limeanza kuondoka madirishani. Msemaji wao alikuwa yule mzee wa kusinzia. Akasoma kwamba mshtakiwa hana hatia. Nilimnong'onezea baba maneno hayo, naye akaitikia kwa kichwa kana kwamba ameambiwa ni saa ngapi. Mkewe alipiga magoti palepale mbele ya benchi, na binti akamkumbatia akimwita mama, mama, kwa Kiswahili.

Tulipotoka kwenye ukumbi, wakili alimvuta baba kando ukutani. Alitaka aelewe mambo mawili. La kwanza, kwa sheria hii mtu hashtakiwi mara mbili kwa kosa aliloachiliwa. Serikali haina chake tena. La pili, familia ya marehemu bado inaweza kumdai fidia katika mahakama ya madai, na huko maneno yake yatasikilizwa upya. Kwa hiyo afunge mdomo. Alikuwa bado amemshika mkono wa koti nikiwa namalizia kufasiri, na mjane akawa anatujia, mwanawe nyuma yake.

Kazi niliyolipwa kuifanya ilikuwa imekwisha. Ningeweza kuchukua mkoba wangu nikaenda. Yule mama alisimama mbele yetu, akaniambia mimi, kwa Kiingereza cha upole na cha kuchoka, nimuulize huyu bwana jambo moja. Kule ndani wamesema hana hatia. Je, na yale aliyomwambia nyumbani kwake?

Nikamuuliza. Wakili alikuwa akitikisa kichwa. Baba alijitoa mkononi mwake taratibu, bila kumkosea heshima, akavua koti akampa binti yake, akakaa sakafuni. Watu walikuwa wakipita na makabrasha yao, mlinzi mmoja akasogea, kisha akasimama. Nilimpenda yule baba kwa hilo na nilimwogopea pia, maana nilijua nini kinaweza kufanywa na maneno yale, na kwamba nikiyafasiri nitakuwa nimeyatia mkononi mwa mtu mwingine.

"Mumwambie ni miye niliua bwana yake," alisema. "Anisamehe."

Nikayasema kwa Kiingereza, yote, kwa sauti iliyosikika hadi kwa mwanawe. Wakili aligeukia ukuta. Kijana alikuwa na simu mkononi, lakini aliishikilia chini, ubavuni.

Mjane alimtazama baba kwa muda mrefu pale alipokaa. "Nilimsikia mara ya kwanza," akasema. "Nilichoogopa ni kwamba humu ndani wamemfanya ayafute maneno yake."

Nikamfasiria. Baba alifunika uso kwa mikono, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na yule mama akasimama palepale mbele yake mpaka alipomaliza.